Mwamuzi Alikuwa Umati: Kwa Nini Wazee wa Simiyu Hawasahau Misimu ya Mbina

Pamba ikishapimwa na maotea yakishang'olewa shambani, mazungumzo ya wazee wengi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega huelekea mahali pamoja: mbina, yaani mashindano ya ngoma, za ujana wao. Mmoja ni Mgika, mwingine ni wa upande pinzani, Mgalu, na kila mmoja ana msimu wake anaoutetea kana kwamba mashindano yalimalizika juzi. Vijana wanaowasikiliza husema hiyo ni kawaida ya uzee, kwamba kila aliyezeeka huona ngoma ya zamani ndiyo ngoma. Maelezo hayo ni mepesi mno. Kuzeeka kunaweza kueleza kwa nini mtu anaukumbuka ujana wake. Hakuelezi kwa nini jamii nzima ya mashabiki inaukumbuka msimu mmoja wa mashindano kwa uchungu na fahari kiasi hicho. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba mashabiki wa mbina wanakumbuka cheo walichokuwa nacho. Walikuwa waamuzi. Walipoondolewa kwenye uamuzi, kilichobaki mkononi mwao ni kumbukumbu, na ndiyo maana wanaishika kwa nguvu.

Tuanze na desturi yenyewe. Masimulizi ya Wasukuma, ambayo mengi yamehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora karibu na Kisesa mkoani Mwanza, yanayarudisha mashindano haya hadi katikati ya karne ya 19. Yanawataja mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alitaka kuonyesha kwamba dawa yake ndiyo yenye nguvu ya kuvuta watu. Wafuasi wao wakawa Wagika na Wagalu, na mgawanyo huo ukaenea Usukuma kote, hadi Untuzu ambako leo ndiko Bariadi. Zipo ngoma nyingine zenye asili yake: bugobogobo ya majembe iliyozaliwa katika kulima kwa pamoja, bununguli ya wawinda nungunungu, na ngoma za mafundi wa nyoka. Zipo pia nyimbo za wigashe, ambazo waimbaji wake huimba wakiwa wameketi. Lakini ushabiki wa pande mbili, wa mtu kusema "sisi" na "wao" hata nje ya uwanja, uliota mizizi zaidi kwa Wagika na Wagalu. Mtu aliingia upande wake kwa ukoo, kwa fundi aliyempa dawa au kwa kijiji, na mara nyingi alifia upande huohuo.

Wakati wa mbina haukuchaguliwa kwa bahati. Mashindano yalikuja baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, mvua zimekatika, njia zinapitika na ghala la nafaka lina kitu. Pamba ilipokuwa zao la biashara la Usukuma, na hasa baada ya wakulima kuunda vyama vyao vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani, kipindi hicho cha furaha kikakutana na fedha mkononi. Ndiyo sababu mzee wa Simiyu anapousifu msimu fulani wa ngoma, mara nyingi anausifu pia mwaka wa mvua nzuri, wa pamba nyeupe, wa ng'ombe walionenepa na wa ndoa zilizofungwa. Wasukuma wanao utamaduni wa kumfunga mtu na majira aliyozaliwa: jina la Mabula linamkumbusha kila anayelitaja kwamba mvua ilikuwapo. Katika jamii yenye tabia hiyo, msimu wa mbina ni kalenda, na kumbukumbu yake inabeba habari za uchumi, hali ya hewa na ukoo kwa pamoja.

Lakini kiini cha hoja yangu ni namna mshindi alivyopatikana. Makundi mawili yalicheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, yakiwa yametengana kwa umbali kidogo. Hapakuwa na meza ya majaji wala karatasi ya alama. Watazamaji walikuwa huru kutembea kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kundi lililowavuta na kuwashika wengi ndilo lililoshinda. Kila manju, kiongozi wa nyimbo za kundi, alijua kwamba wimbo uliochosha ungeonekana papo hapo, kwa sababu watu wangeanza kuhama mbele ya macho yake. Kwa hiyo makundi yalijiandaa kwa siri miezi mingi: nyimbo mpya za kusifu na kukejeli, mavazi, wanyama, vichekesho, kila kitu ambacho mpinzani hakukitarajia. Mashindano yangeweza kuendelea siku kadhaa, leo umati uko huku, kesho umerudi kule. Hiyo ilikuwa kura ya miguu, na kila mwenye miguu alikuwa nayo.

Uzito wa jambo hili unaonekana ukilipima na taratibu nyingine za jamii hiyohiyo. Katika mabaraza ya kijiji neno la mwisho lilikuwa la banamhala, wazee wanaume. Kazi za vijana zilisimamiwa na viongozi wa vijana wenyewe, basumba batale, waliokuwa na amri kali na faini zao. Uwanjani kwenye mbina, msichana aliyetoka kuteka maji, mchungaji wa miaka kumi na miwili na mzee mwenye mazizi matatu walihesabika sawa, kwa kuwa umati hupimwa kwa wingi wake na hauulizwi una ng'ombe wangapi. Sijui mahali pengi katika maisha ya zamani ya Usukuma ambapo sauti ya mdogo na ya mkubwa zilikuwa na uzito mmoja hivyo. Aliyewahi kuhama upande akiwa kijana, na kwa kuhama kwake na wenzake ushindi ukageuka, ana haki ya kusema hadi leo kwamba "tulishinda", na neno hilo ni sahihi kwa maana yake kamili.

Tofauti hii inajitokeza zaidi tukitazama mashabiki wa kwingineko. Huko Marekani, wapenzi wa mchezo wa besiboli waliokulia Brooklyn jijini New York waliutukuza kwa miaka mingi msimu wa 1955, ambapo timu yao ya Dodgers ilitwaa ubingwa wa taifa kwa mara ya kwanza, kabla ya kuhamishiwa Los Angeles baada ya msimu wa 1957. Hapa kwetu, shabiki wa Simba wa umri fulani hawezi kusahau mwaka 1993, timu yake ilipofika fainali ya Kombe la CAF na kufungwa na Stella ya Abidjan, na jijini Mwanza jina la Pamba, lililochukuliwa kwenye zao la wakulima wetu, liliendelea kutajwa kwa hamu hadi klabu hiyo iliporejea Ligi Kuu mwaka 2024. Hawa wote wanakumbuka walichokishuhudia. Walilia, wakashangilia, lakini goli lilifungwa na mwingine na filimbi ilipulizwa na mwingine. Shabiki wa mbina anakumbuka alichokiamua. Kwa sababu hiyo, watu wa Brooklyn waliponyang'anywa timu walibaki na takwimu na vitabu, ilhali watu wa Simiyu, mashindano yalipofifia, walipoteza burudani pamoja na nafasi yao katika jamii.

Kuna wanaopinga kwamba kumbukumbu ya wazee imepakwa asali. Wanasema misimu hiyo ilikuwa na njaa zake, na kwamba Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilizihamisha kaya nyingi kwa nguvu kutoka kwenye makazi yaliyokuwa ngome za kila upande. Hivyo aliyekuwa kijana wakati huo anasifu nini? Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na mwandishi anayelipuuza hawatendei haki watu walioumia. Hata hivyo, linadhani kwamba mbina ilikuwa mahali pa kujisahaulisha shida. Nyimbo za Wasukuma zinajulikana kwa kusema mambo yaliyopo: kodi, bei ya pamba, kiongozi mchoyo, mume mvivu, ukame. Manju aliyekwepa mambo hayo asingeushika umati uliokuwa ukiyaishi. Tena kumbukumbu hii ina mlinzi wake. Mgika akiutia chumvi msimu wake, Mgalu yupo hapohapo kumkatalia kwa wimbo ule ule aliousikia siku ile. Kumbukumbu inayotunzwa na mahasimu wawili ni vigumu kuipaka asali kupita kiasi, maana kila tone litahojiwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mbina zilikwenda sambamba na dawa. Kila upande uliamini kwamba unahitaji samba, dawa ya mvuto, na kwamba mpinzani anaweza kuroga. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa imani za aina hiyo hazikuishia uwanjani: akina mama wazee wameuawa wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo. Anayesema mila zote zirudi kama zilivyokuwa hajali roho za watu. Jibu langu ni kwamba uganga uliizunguka desturi hii, lakini kilichoifanya idumu ni uhuru wa umati kuhukumu, na mambo haya mawili yanaweza kutenganishwa. Ushahidi upo. Katika miaka ya 1950 padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliianzisha kazi ya Bujora pamoja na Wasukuma wenyewe, na sherehe ya Bulabo, inayokwenda na sikukuu ya Ekaristi, ikawa mahali ambapo Wagika na Wagalu wanashindana chini ya kivuli cha kanisa. Ngoma haikufa kwa kuingia humo. Wenye kuikataa mbina yote kwa sababu ya dawa wanatupa kitu ambacho wengine wameshaonyesha kwamba kinaweza kusafishwa.

Wengine watasema vijana wa leo wana mambo yao: Simba na Yanga kwenye mabanda ya kuonyeshea mpira, na nyimbo mpya za Kisukuma zinazozunguka kwenye simu kuanzia Lamadi hadi Mwanhuzi. Hili halipingi hoja yangu, linaithibitisha. Kiu ya kuwa na upande na ya kusikia wimbo unaosema habari za leo haijakatika. Kinachokosekana ni mahali ambapo kijana anaamua. Kwenye mpira yeye ni mtazamaji wa timu iliyo mamia ya kilomita kutoka kwao. Hata mahali ngoma zinapochezwa, mara nyingi makundi hupewa dakika chache mbele ya jukwaa la wageni wa heshima, yakamaliza yakashuka, na mshindi akatangazwa kwa kipaza sauti. Kuanzia mwaka 2018 hadi 2020 viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, vilikuwa mwenyeji wa maadhimisho ya kitaifa ya Nanenane, na mkoa ukaonyesha kwamba unaweza kukusanya maelfu ya watu katika majira yaleyale ambayo zamani yalikuwa ya mbina. Watu wapo, uwanja upo, na tarehe ipo. Kilichobaki ni kuwarudishia watu mamlaka ya kuhukumu.

Naelewa kwamba baadhi ya maofisa wataona umati kuwa mwamuzi asiyeaminika: unaweza kununuliwa, unaweza kufuata kelele, unaweza kuleta fujo. Lakini majaji watatu mezani ni rahisi zaidi kununuliwa kuliko watu elfu tano wanaotembea, na utaratibu wa mbina ulikuwa na dawa ya fujo ndani yake: asiyeridhika alihama tu upande, akarudi kesho. Kumzuia mtu mahali pamoja na kumwambia apige makofi kwa uamuzi asioukubali ndiko kunakozaa manung'uniko. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 ukimegwa kutoka Shinyanga, na Busega ikitoka upande wa Mwanza. Bado unajijenga sura yake. Sura hiyo haitatoka kwenye ngoma inayochezwa kumburudisha mgeni. Itatoka kwenye desturi iliyowafundisha watu wa Untuzu kwamba msanii ana wajibu kwa wanaomtazama.

Kwa hiyo, maofisa utamaduni wa halmashauri za Simiyu na waandaaji wa matamasha wafanye mambo mawili. Kwanza, katika mashindano yajayo baada ya mavuno, Wagika na Wagalu wapewe uwanja kwa pamoja, kwa siku nzima au zaidi, na umati uachwe uamue kwa kusimama unapotaka. Pili, walimu na wanafunzi wa shule za sekondari wawaandike wazee wa pande zote mbili sasa hivi: msimu gani, kijiji gani, manju nani, wimbo upi, mwaka wa mvua au wa ukame. Mgika aandikwe, na Mgalu wa kumbishia aandikwe naye. Wazee hawa hawaombi kurudishiwa ujana. Wanadai haki iliyokuwa yao, na haki hiyo ingali inaweza kukabidhiwa kwa wajukuu wao.