Jina la Wazimu Lawanyamazisha Vijana

Kwa vijana wengi waliovunja sheria, kuitwa mwizi ni aibu ipitayo, bali kuitwa mwendawazimu ni doa la maisha. Ndiyo sababu kijana aliye kizuizini, akesha usiku kwa hofu, humwambia mganga kuwa anaumwa kichwa tu.

Nchini Uganda, Sheria ya Watoto iliyoanza kutumika mwaka 1997 imetambua kuwa jina huweza kumharibu mtoto. Aliye chini ya miaka 12 hashitakiwi. Aliyevuka umri huo na hajatimiza miaka 18, kosa lake likithibitika, mahakama ya familia na watoto haisemi kuwa "ametiwa hatiani". Hutoa amri tu. Akipelekwa kwenye kituo cha marekebisho, kama kile cha Kampiringisa wilayani Mpigi, hakai zaidi ya miezi 3 ikiwa hajafika miaka 16, au miezi 12 ikiwa amefika. Kwa makosa yenye adhabu ya kifo, muda hauzidi miaka 3.

Basi sheria imemkinga na jina la mhalifu. Jina la wazimu halina kinga. Butabika, hospitali kuu ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa Kampala mwaka 1955, imegeuzwa tusi mitaani. Sheria ya afya ya akili ya 2018 ilichukua nafasi ya ile ya 1964, lakini ulimi wa watu haubadilishwi na Bunge.

Ipo na hofu ya pili: kwamba siri itafika kwa mlinzi, kwa hakimu au kwa wenzake bwenini. Mvulana aliyefunzwa kuwa mwanamume halii huona kunyamaza ndio ushujaa. Hata hivyo dhiki isiyosemwa haifi. Hutokea kwa mlango wa ugomvi, wa dawa za kulevya, au wa kosa jingine.

Mshauri anayefaa humweleza kijana, kabla ya swali lolote, lipi litabaki siri na lipi halitafichwa, kama vile nia ya kujidhuru. Nanyi wazazi mnaokwenda kumtazama, msimwulize kama amerukwa na akili. Mwulizeni analalaje, anakulaje, na nini kinamtia hofu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtoto hafichi maradhi yake pale asipochekwa.