"Masafa Mafupi" Yanayofika Mbali: Istilahi za Redio ya Zamani

Redio inayonasa stesheni za nchi za mbali huitwa na wengi wetu redio ya "masafa mafupi". Jina hili limezoeleka nyumbani, madukani na hata katika matangazo yenyewe. Hata hivyo, mwalimu anayelitumia katika somo la fizikia, na mfasiri anayetayarisha maelekezo ya mafundi, hupatwa na mashaka. Katika makala haya tutaeleza chanzo cha mashaka hayo kwa kufuata kazi moja: ufufuaji wa redio ya zamani katika mji kama Tunduma, Mkoa wa Songwe.

Mfano wa Tunduma tumeuchagua kwa sababu. Mji huu uko mpakani, unatazamana na Nakonde ya Zambia, na uko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Kabla ya kuenea kwa stesheni za FM, sauti ya mbali ilifika sehemu kama hizi kwa mawimbi mafupi. Ng'ambo ya mpaka, mwaka 1949, Harry Franklin, aliyekuwa Mkurugenzi wa Habari wa Rhodesia ya Kaskazini, alifanikisha kuundwa kwa redio ya betri ya bei nafuu kwa ajili ya wasikilizaji wa matangazo ya Lusaka. Kwa kuwa umbo lake lilifanana na sufuria, iliitwa Saucepan Special. Upande wetu, matangazo yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1965 ikazaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo matangazo yake ya nje yaliwafikia wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika.

Sasa tulitazame neno. "Masafa" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni umbali. Baadaye neno hilohilo limepewa kazi ya pili katika mawasiliano: idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi. Basi msomaji akikuta "masafa mafupi" ana njia mbili za kufasiri, na zote mbili zinampoteza. Akidhani ni umbali mfupi, anakosea, kwa kuwa mawimbi haya hurudishwa ardhini na tabaka za juu za angahewa na kuvuka maelfu ya kilomita. Akidhani ni mitetemo michache, anakosea tena, kwa kuwa mitetemo yake ni mingi kuliko ile ya mawimbi ya kati. Kilicho kifupi ni urefu wa wimbi lenyewe, basi.

Hesabu yake ni rahisi. Wimbi la redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukigawa 300 kwa idadi ya megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Megahezi 6 ni mita 50. Megahezi 12 ni mita 25. Mitetemo ikiongezeka, wimbi hufupika. Kwa desturi mawimbi mafupi huhesabiwa kuwa ni yale ya megahezi 3 hadi 30, yaani mita 100 hadi 10.

Pengine msomaji atauliza: je, jambo hili lina madhara gani kwa fundi? Na tumfuate kazini. Kwanza hutoa betri kuukuu na kusugua kutu kwenye vibati vinavyogusana nazo. Kisha husafisha kirekebisha sauti kinachokwaruza, na kubadili kapasita zilizokauka, akichunga upande wa chanya na wa hasi. Mpaka hapo hakuna utata. Utata huanza redio inapozungumza lakini stesheni hazikai mahali pake kwenye kioo cha namba. Kwa kawaida marekebisho hufanywa pande mbili: kwenye ncha ya mitetemo michache fundi huzungusha kiini cha koili, kwenye ncha ya mitetemo mingi huzungusha kapasita ndogo ya kurekebishia. Maelekezo yakisema tu "mwisho wa masafa mafupi", fundi hawezi kujua ni ncha ipi. Tena vioo vingi vya zamani vina mita na megahezi pamoja, na namba hizo hupanda kwa kupishana. Akishika ncha isiyo yake, atazungusha kiini kisichohusika. Na kiini cha koili ni chepesi kuvunjika. Redio iliyodumu miaka hamsini yaweza kuharibiwa na neno moja la mfasiri.

Redio ikishapona, raha yake nayo yataka maneno sahihi. Stesheni nyingi zimekwisha kuacha mawimbi mafupi, lakini zilizobaki bado zasikika. Msikilizaji aunganishe waya wa mita kadhaa kwenye eriali, akae mbali na taa na chaja zinazotoa mvumo, kisha atafute. Usiku, aghalabu, mawimbi ya mita 49 na 41 husikika vizuri. Mchana ni zamu ya yale mafupi zaidi, kama ya mita 19 na 16. Mwenye kuelewa "urefu wa wimbi" hahitaji kubahatisha.

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi yafuatayo katika vitabu, tafsiri na barua za serikali:

Mawimbi mafupi: mawimbi ya redio ya mita 100 hadi 10.
Urefu wa wimbi: umbali kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kingine, kwa mita.
Masafa: idadi ya mitetemo kwa sekunde, kwa hezi, yasemwe kuwa ya juu au ya chini, si marefu wala mafupi.
Umbali wa kufika: mahali matangazo yanapokoma kusikika.

Hatukusudii kumkataza mzee wa Tunduma kuiita redio yake ya "masafa mafupi". Mazoea ya wasemaji yana heshima yake. Lakini mwalimu, mfasiri na mtumishi wa serikali huandikia watu watakaotenda kwa kufuata maneno yao, na hao wanastahili istilahi moja kwa dhana moja. Wasomaji wenye maneno ya mafundi wa sehemu zao, hasa ya mipakani, wanaombwa watuletee ili yafikiriwe pamoja na haya.