Kamba mbili za tanga la mbele

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka Ziwa Viktoria kwa Lady Alice, mashua iliyojengwa Uingereza kwa vipande na kubebwa mabegani kutoka pwani. Kisiwani Bumbire, Muleba ya leo, wenyeji walimnyang'anya makasia. Mabaharia wake wakang'oa mbao za sakafu ya mashua, wakazitumia kama makafi.

Asiye na makasia hutegemea upepo, na upepo wa ziwa hilo una ratiba. Usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hurudi nchi kavu. Mwenye chombo kidogo Kemondo, kwenye ufuko wa ziwa hilo, anaweza kutoka na wa kwanza na kurejea na wa pili, mradi tanga lake limefungwa sawasawa.

Jahazi huwa na tanga kubwa kwenye foromali, yaani boriti inayolibeba, likiongozwa kwa kamba iitwayo demani. Mashua ya kisasa huongeza tanga dogo la pembe tatu mbele ya mlingoti. Pembe yake ya chini hufungwa omoni, yaani kwenye ncha ya mbele ya chombo, ya juu huvutwa kwa henza, kamba ya kupandishia tanga, hadi ukingo wa mbele ukaze kama uzi wa zeze. Ukilegea, chombo hakipandi upepo.

Pembe ya nyuma ndiyo yenye kazi. Hufungwa demani mbili kwa fundo la kitanzi kisichojikaza. Moja hupita kushoto kwa mlingoti, nyingine kulia, kila moja ikipenya kwenye kapi lake hadi kwa nahodha. Mwishoni kila kamba hupigwa fundo la umbo la 8 isichomoke. Chombo kikigeuka, moja huachiwa, nyingine huvutwa. Kuchelewa kuiachia ni hatari: dhoruba ikivuma ghafla, tanga lililokazwa hupindua mashua.