Chenji Isiyovuka Lango la Kambi

Askari anayeshuka basi mjini Mbale na kuukabili mlima Wanale, na maporomoko ya maji yakimeremeta majabalini, aghalabu huwa na mambo mawili moyoni: kufika nyumbani salama, na kufika na kitu mkononi. Tuseme basi kwamba askari huyo amerejea kutoka Iraki, alikokuwa mlinzi katika kambi ya Wamarekani. Anaingia dukani kununua sukari na sabuni. Anatia mkono mfukoni, na pamoja na noti za shilingi anatoa kidude cha mviringo, chepesi, kilichokatwa kutoka kadi ngumu. Upande mmoja pana picha ya ndege ya kivita. Upande wa pili imeandikwa thamani yake: senti 25 za dola. Mwenye duka atakigeuza mara mbili, atatabasamu, na kukirudisha. Kwake yeye hicho ni kitu cha watoto kuchezea.

Hata hivyo kidude hicho kilipata kuwa fedha. Kilinunua sabuni, biskuti na wembe. Tena leo wako watu Marekani na Ulaya wanaokitafuta, wakakipanga katika vitabu maalumu kama wengine wapangavyo stempu. Yafaa basi askari na polisi wa kwetu, ambao baadhi yao wanavyo vidude hivyo masandukuni bila kuvijali, wajue vilikotoka na vinasema nini.

UZITO WA SENTI

Mwaka wa 2001 majeshi ya Marekani yaliingia Afghanistan. Nyuma yao likafuata shirika linaloendesha maduka ya jeshi lao la nchi kavu na la anga, lijulikanalo kwa kifupi kama AAFES, ambalo asili yake ni amri iliyotolewa mwaka 1895. Kazi ya shirika hilo ni kumfikishia askari bidhaa ndogo ndogo popote alipo. Bidhaa zilifika. Tatizo likawa chenji, au balansi kama wengi wetu tusemavyo hapa Uganda.

Noti za dola ni nyepesi, lakini sarafu ni chuma. Sarafu moja ya senti 25 ina uzito wa gramu 5.67. Dola 100 za sarafu hizo ni vipande 400, navyo ni zaidi ya kilo mbili na robo. Dola 100 za sarafu za senti 5 ni vipande 2,000, sawa na kilo kumi kamili. Zidisha hesabu hiyo kwa maduka yote ya kambi zote, kisha kumbuka kwamba mizigo mingi ilikwenda kwa ndege. Afande yeyote aliyewahi kusimamia ugavi anaelewa maana yake: kila kilo ya senti iliyopakiwa ndegeni ni kilo ya dawa, ya risasi au ya chakula iliyoachwa nyuma uwanjani.

Ndipo shirika likachapisha duara za kadi zenye thamani ya senti 5, senti 10 na senti 25. Senti moja moja hazikuhitajiwa, kwani katika maduka hayo ya ng'ambo bei hukaribishwa kwenye senti 5 iliyo jirani. Upana wa kila duara ni kama milimita 40. Askari wakaziita pogi, kwa kuwa zilifanana na vifuniko vya chupa za maziwa ambavyo watoto wa visiwa vya Hawaii walivichezea, mchezo uliovuma sana duniani katika miaka ya 1990 kwa jina hilo hilo.

Kisheria pogi si sarafu. Mwenye haki ya kutoa sarafu ni dola yenyewe, wala duka haliwezi kujitwalia haki hiyo. Pogi ni vocha: ahadi ya duka kwamba mwenye kuishika anadai bidhaa ya thamani iliyoandikwa. Ahadi hiyo hupokewa katika duka lolote la shirika hilo, lakini ukishatoka nje ya lango la kambi imekwisha nguvu.

WAGANDA KATIKA KAMBI ZA MBALI

Kuanzia mwaka 2005 maelfu ya raia wa Uganda waliajiriwa na makampuni ya ulinzi kwenda kulinda kambi za Wamarekani nchini Iraki, na baadaye wengine wakaenda Afghanistan. Wengi walikuwa askari na polisi wa zamani, watu waliozoea bunduki, lindo na amri. Walisimama malangoni na kwenye minara, wakakagua magari na vitambulisho, katika joto ambalo mtu wa Jinja aliyezoea upepo wa ziwa hakupata kulidhania. Mishahara ambayo mwanzoni ilifika dola 1,000 kwa mwezi ilizidi kushuka kadiri makampuni yalivyoshindania kandarasi, mpaka ikawa mamia machache tu. Majeshi ya Marekani yaliondoka Iraki mwezi Desemba 2011, na Afghanistan mwezi Agosti 2021.

Mlinzi aliyekuwa na ruhusa ya kuingia katika duka la kambi alilipa kwa noti na kurudishiwa pogi. Alipenda asipende, zilibaki mfukoni. Siku mkataba ulipokwisha, kitambulisho kilirudishwa, mizigo ikafungwa, ndege ikaondoka, na zile senti za kadi zikasafiri pamoja na soksi na picha za ukumbusho. Entebbe hakuna duka la shirika hilo. Mbale na Jinja pia hakuna.

Hapo ndipo penye jambo la kufikiri. Kila pogi isiyorudi dukani ni bidhaa ambayo duka halikuitoa. Kwa mtu mmoja ni senti 25, ambazo kwa viwango vya miaka ya karibuni hazifiki shilingi elfu moja. Si hasara ya kumliza mtu. Lakini ni deni, japo dogo, lenye picha nzuri juu yake. Na askari anapaswa kulitambua deni popote alionapo, kwa sababu historia yake imejaa madeni ya namna hiyo.

TABORA 1916

Jambo hili si geni kwetu Afrika Mashariki. Katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza ziliifunga pwani ya koloni la Wajerumani, Tanzania bara ya leo. Sarafu hazikuweza tena kuletwa kutoka Ujerumani, na askari na wapagazi walihitaji kulipwa. Serikali ya koloni ikaanza kuchapisha noti za muda, nyingine juu ya karatasi duni kabisa. Mwaka 1916, katika karakana ya reli huko Tabora, zikafuliwa sarafu za heller 5 na heller 20 kwa shaba iliyookotwa hapa na pale, yakiwemo maganda ya risasi. Ikafuliwa pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo mbele ya mlima, kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Hizo za dhahabu zilikuwa zaidi ya 16,000. Chini ya sarafu hizo imo herufi T, alama ya Tabora.

Mwezi Septemba 1916 Tabora ilitekwa na majeshi yaliyotoka Kongo ya Wabelgiji. Upande wa Waingereza walikuwamo vijana wa Uganda wa kikosi cha nne cha King's African Rifles, wazee wa jeshi letu. Noti za muda za Wajerumani ziligeuka karatasi tupu. Leo sarafu ya tembo hununuliwa kwa bei kubwa na wakusanyaji wa dunia nzima, ilhali askari wengi waliopigana chini ya bendera iliyoitoa walimaliza vita mwezi Novemba 1918 wakiwa bado wanadai mishahara yao.

Walingoja mpaka mwaka 1964, ndipo serikali ya Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa waliokuwa bado hai. Yasimuliwa kwamba wazee walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na hati za utumishi. Mlipaji akamkabidhi kila mmoja ufagio badala ya bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Baada ya miaka karibu hamsini, hakuna aliyekosea. Ni kisa kitamu, na askari yeyote hukicheka kwa fahari. Lakini tukitazame upande wa pili: mtu aliyepigana miaka minne alilazimika kuuthibitisha utumishi wake kwa ufagio, kwa kuwa karatasi hakuwa nayo.

Wamarekani wenyewe walilijua jambo la fedha ya kambini kabla ya pogi. Tangu mwaka 1946 hadi 1973 askari wao katika nchi kadhaa, Vietnam ikiwa mojawapo, walilipwa kwa hati maalumu za karatasi, kuanzia senti 5. Ili kuzuia magendo, siku moja bila taarifa lango la kambi lilifungwa, hati zote zikabadilishwa kwa mpya, na za zamani zikafa siku hiyo hiyo. Aliyekuwa nje ya lango na hati za zamani mkononi alipata hasara yote.

NAMNA YA KUZIHIFADHI

Aliye na pogi nyumbani asizitupe, wala asiwape watoto wazichezee. Aanze kwa kuzitenga kwa thamani, yaani senti 5, 10 na 25, kisha kwa picha. Zilichapishwa kwa awamu nyingi, na kila awamu ina picha zake: ndege, vifaru, askari kazini, wanyama wa jeshi. Juu yake zimo alama ndogo za herufi na tarakimu zinazomsaidia mkusanyaji kutambua awamu. Mkusanyaji hutafuta seti kamili na vipande visivyochakaa. Pogi moja moja ya kawaida haina bei kubwa, wala mtu asidanganywe kwamba ameshika utajiri.

Kadi haipendi maji. Wanale ni mahali pa mvua na ukungu, na nyumba nyingi zina unyevu. Ziwekwe katika bahasha kavu ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na moshi wa jikoni. Zisibandikwe kwa gundi, na zisiandikwe juu kwa kalamu.

Lililo muhimu kuliko yote ni maandishi. Andika katika kikaratasi pembeni: nilizipata kambi fulani, mwezi fulani, mwaka fulani, nilipokuwa kazi fulani. Pogi isiyo na maneno hayo ni moja kati ya mamilioni. Ikiwa nayo, inakuwa ushahidi kwamba mwana wa Bugisu au wa Busoga alisimama lindo Baghdad. Wajukuu wataisoma, na hata jumba la makumbusho litaipokea kwa heshima.

Na ukiisha kuhifadhi pogi, tazama kama umehifadhi kilicho kikubwa kuliko hizo. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1941 inayomlazimu mkandarasi wa kambi zao za ng'ambo kuwawekea bima wafanyakazi wake, hata wasio raia wa Marekani, dhidi ya kuumia na kufa kazini. Lakini dai hufuata hati, na lina muda wake. Mkataba, nakala ya kitambulisho, hati ya mshahara na cheti cha daktari vina thamani kupita kopo zima la pogi. Mjane hawezi kwenda mbele ya mlipaji na ufagio.

Tuzikusanye basi senti hizo za kadi, na tuzipende kwa picha zake na kwa safari zilizosafiri. Lakini katika kopo hilo hilo, chini yake, pawe na bahasha ya hati zetu. Chenji ya kambini ilikoma langoni. Haki ya mtu aliyelinda lango hilo haikukoma hapo.