Mtoto amefika salama, mbona roho ya mzazi haitulii?

Arusha. Kabla hakujapambazuka vizuri, mabasi ya shule huwa yameshaanza kuzunguka Sakina, Njiro na Moshono kukusanya watoto. Nyuma yake hubaki wazazi wenye roho juu.

Sababu wanayo. Mei 6, 2017, basi lililobeba wanafunzi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, wilayani Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Aprili 2024, gari jingine la wanafunzi lilisombwa na mafuriko jijini hapa, na watoto wakapoteza maisha. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Hata hivyo, hofu na wasiwasi si kitu kimoja. Hofu huja na hatari iliyo mbele yako, mfano dereva anapotaka kuvuka maji yanayopita juu ya barabara. Hatari ikipita, nayo hupungua. Wasiwasi uliopitiliza hauishi hivyo. Mtoto akifika shuleni, unahamia kwenye ada. Ada ikilipwa, unahamia kwenye kikohozi cha mdogo wake.

Mzizi wake ni nini?

Mwanasaikolojia Michel Dugas wa Kanada na wenzake wanataja kushindwa kuvumilia kutojua. Mzazi anataka uhakika wa asilimia 100, na uhakika huo haupo. Hivyo anampigia matroni wa basi. Akijibiwa "tumefika", anapumua. Kesho anapiga mara mbili, kwa sababu akili imejifunza kuwa utulivu hutoka kwenye simu.

Adrian Wells wa Uingereza anaongeza imani tuliyo nayo kuhusu wasiwasi wenyewe. Wapo wanaoamini kuwa kuwaza sana ndiko kunakomlinda mtoto. Kila akirudi salama, wasiwasi ndio unaopewa sifa, wakati aliyemfikisha ni dereva makini.

Ufanye nini?

Tenganisha linalowezekana na lisilowezekana. Kagua basi, uliza kuhusu mikanda na idadi ya watoto, kubaliana na shule kuwa mvua kubwa ikinyesha gari lisivuke maji. Ukimaliza, acha kupiga simu kila asubuhi. Siku za mwanzo ni ngumu, kisha akili huzoea. Mawazo mengine yaandike, uyapangie nusu saa ya jioni. Mengi utayakuta yamepoa.

Chunga pia maneno yako mbele ya watoto, maana wao husoma hofu usoni mwa mzazi.

Ikiwa wasiwasi umekuandama siku nyingi kwa miezi sita au zaidi, huwezi kuuzuia, na unakuletea usingizi wa mang'amung'amu, misuli kukaza, uchovu au hasira za haraka, huo unaweza kuwa ugonjwa, na unatibika kwa mazungumzo na mtaalamu au kwa dawa. Fika kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, ueleze kama unavyoeleza malaria.