Servo ya gari si ya ndege
Servo ni mota ndogo yenye giya, inayogeuza magurudumu ya gari la rimoti au vibawa vya ndege ya mfano. Kwenye mchanga wa Garissa, gurudumu likigonga jiwe, kishindo chote huishia kwenye giya, na za plastiki hung'oka meno. Gari basi linataka giya za chuma na kasha lisilopitisha vumbi. Wapo watakaouliza: kwa nini nisinunue hiyo imara, nikaifunga kotekote? Uzito, ndugu zangu. Servo ya kawaida ya gari hufika gramu 40 na zaidi. Ya ndege ndogo ni kama gramu 9, nayo ndege huhitaji tatu au nne. Gari halitaona tofauti. Ndege nyepesi ya foamu itagoma kupaa.