Je, Wajua Kwa Nini Sitraika ya Keram Haikati Kona?

Mcheza keram hulijua jambo hili kwa vidole kabla hajalijua kwa hesabu: sitraika, ile kete nzito ya kupigia, ikiigonga kete moja iliyotulia, hata ukilenga vipi, yenyewe haikati kona. Huendelea mbele ikiwa imepinda kidogo tu, na pengine huifuata kete hadi shimoni ikamtia mwenyewe hasara. Wengi hulaumu mkono wa mchezaji au poda iliyomwagwa ovyo ubaoni. Mkono hauna kosa. Kinachoizuia sitraika ni kanuni ya hifadhi ya momenta, na kwa maoni yangu ubao wa keram unaifundisha kanuni hiyo vizuri kuliko meza ya pool inayopendwa na waandishi wa vitabu vya fizikia.

Momenta ni tungamo la kitu likizidishwa kwa kasi yake, pamoja na mwelekeo. Hilo la mwelekeo ndilo husahaulika. Sitraika inapokwenda moja kwa moja, hakuna kinachoelekea kulia wala kushoto. Momenta ya pembeni ni sifuri, na baada ya kugongana lazima jumla yake ibaki sifuri. Kete ya gramu 5 ikichepuka kulia kwa sentimita 60 kwa sekunde, sitraika ya gramu 15 haina budi kuchepuka kushoto kwa sentimita 20 kwa sekunde. Momenta ya mbele nayo ina hesabu yake, na hizo mbili hazikopeshani. Ukiziunganisha na hesabu ya nishati unapata kikomo: sitraika ya gramu 15, uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa katika mashindano ya kimataifa, ikigonga kete ya gramu 5 hadi 5.5, haipindi zaidi ya nyuzi 22 hivi.

Atauliza mtu: momenta inahifadhiwaje ilhali kila kete husimama muda mfupi baadaye? Jibu ni kwamba mgongano wenyewe huchukua chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na katika muda huo msuguano wa ubao haupati nafasi ya kufanya lolote la maana. Unachokula baadaye hakipotei. Kinahamia kwenye ubao, meza na dunia nzima, ambayo kwa ukubwa wake haitikisiki. Na ule mlio wa “tak”? Huo ni nishati iliyovuja. Nishati ya mwendo huweza kugeuka sauti na joto, lakini momenta haina sura nyingine ya kujigeuza. Nishati ikivuja, sitraika hupinda pungufu ya kikomo kile, wala si zaidi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye pool. Mipira miwili yenye uzito sawa, kwa nadharia, huachana kwa pembe mraba, nyuzi 90, isipokuwa ikigongana uso kwa uso. Mchezaji hodari atakwambia mpira mweupe hautii. Ni kweli, lakini sababu yake ni kubingirika: baada ya kugonga, mpira bado unazunguka, na kitambaa cha meza huusukuma ukafuata mkunjo. Mambo hayo yana utata wa kutosha hata Mfaransa Coriolis akaandika kitabu kizima cha hesabu za biliadi mwaka 1835. Kete za keram huteleza, hazibingiriki, ndiyo maana nikazipendelea.

Penye chembe ndogo kabisa, pasipo kitambaa wala poda, pembe mraba huonekana bila utata. Katika miaka ya 1920, huko Cambridge, Patrick Blackett alipiga picha za njia za chembe za alfa ndani ya chemba ya ukungu. Chembe ya alfa ikigonga kiini cha heliamu, ambacho tungamo lake ni sawa na lake, njia mbili huachana kwa nyuzi 90. Ikigonga haidrojeni, nyepesi mara nne, alfa haipindi zaidi ya nyuzi 14 na nusu: ni hesabu ileile ya sitraika na kete. Kazi yake ya chemba ya ukungu ilimpatia Blackett Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1948.